Kupima kabla ya kuanza naye

Wakuu niko Ujiji, kuna mdada anauza dagaa Kibirizi tunaelewana sana, ila mi nilikuwa na mtu mwingine hadi mwezi jana na kondomu tulikuwa tunasahau sahau, sa naogopa. Nikipima ngoma (VVU) leo inatosha?

> Haitoshi mkuu. Kile kipimo cha kutoboa kidole kinaweza kisione maambukizi mapya, pima sasa halafu rudia ikitimia miezi 3. Mpaka hapo kondomu, hamna namna.

> Msiishie ngoma tu, ulizeni kaswende na homa ya ini B, hiyo ina chanjo. Mi na shemeji yenu tulikaa kwenye benchi kimya kama tumefumaniwa 😂

Namwambiaje sasa asione simwamini?

> Jitangulize wewe, mwambie kesho naenda kupima, twende wote? Akinuna, dagaa utanunua kwa mwingine.