Midomo inazidi kukauka japo ninaipaka mafuta kutwa: naomba ushauri

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba msaada wa mawazo kuhusu jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, ingawa kwangu limekwisha kuwa kero ya kila siku. Midomo yangu, hasa wa chini, hukauka mpaka ikakakamaa, kisha hutoa vigamba vyembamba ambavyo nikivivuta kidogo tu huondoka na ngozi nzima na kuacha sehemu nyekundu inayochonyota. Katikati ya mdomo wa chini pana ufa unaojifunga usiku na kufumuka asubuhi ninapopiga mwayo wa kwanza. Isitoshe, ngozi iliyo chini ya mdomo imeanza kuwa na mstari mwekundu uliopinda, kana kwamba umechorwa kwa kalamu.

Mafuta ninayotumia ni ya kijiti, yana harufu ya mnanaa, na nikiyapaka nahisi ubaridi unaopendeza. Ubaridi ukiisha ukavu hurudi, nami hupaka tena, hivyo kijiti hakitoki mfukoni mwangu. Maji ninakunywa ya kutosha na sivuti sigara. Nimeshauriwa kusugua midomo kwa sukari na mswaki ili vigamba viondoke, na mtu mwingine amenihakikishia kuwa nimepungukiwa na vitamini. Kabla sijafanya lolote kati ya hayo, ningependa kufahamu kwa nini mafuta hayanisaidii, na ni kitu gani hasa ninachopaswa kupaka.

Maji Matulivu

Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu ongeza maji ya kunywa, kwani midomo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha kwamba mwili umekosa maji.

Mpima Dawa

Ndugu Maji Matulivu hajakosea kabisa, kwa maana mtu aliyepungukiwa na maji hukauka midomo na ulimi pia. Lakini anayekunywa ya kutosha halainishi midomo kwa kuongeza glasi nyingine, kwa sababu shida ya midomo kwa kawaida si maji kushindwa kuifikia bali ni maji kuitoroka. Ngozi nyekundu ya mdomo ina tabaka la juu jembamba kuliko la shavu, haina tezi za jasho, na tezi za mafuta ama haina ama inazo chache sana, kwa hiyo inakosa ule utando wa mafuta ambao ngozi ya uso hujitengenezea yenyewe. Upepo, kiyoyozi, hewa kavu ya baridi, au hata pumzi yako mwenyewe inapopitia mdomoni, vyote huukuta mdomo hauna kinga.

Mimi kazi yangu ni ya famasia, na katika maelezo yako ninachokishuku kwanza ni hicho kijiti. Ubaridi unaouhisi si unyevu. Ni mentoli, ambayo mara nyingi huwekwa pamoja na kafuri, na kazi yake ni kuamsha mishipa ya fahamu inayotambua baridi. Kwenye ngozi nzima huenda isikudhuru, ila kwenye ngozi iliyokwisha kupasuka huichokoza, ngozi ikichokozwa hubanduka zaidi, nawe ukihisi mwasho hupaka tena kilekile kilichouleta. Soma orodha ya viambato kwenye kifungashio: ukikuta mentoli, kafuri, mikaratusi, mdalasini, fenoli au asidi ya salisili, au hata manukato na ladha ambazo hazikutajwa majina, kiweke kando. Ladha tamu ina hasara yake ya pekee, kwani humshawishi mtu kulamba.

Hapo ndipo unaponitia mashaka huo mstari mwekundu. Mate yanapokauka juu ya mdomo huondoka na unyevu uliokuwapo, na isitoshe yana vimeng'enya vya kusaga chakula ambavyo mahali pake ni ndani ya kinywa, si juu ya ngozi. Wekundu unaotokana na kulamba huishia pale ncha ya ulimi inapofika, ndiyo maana ukingo wake huonekana kama umechorwa. Tafadhali utujibu mambo haya: je, huwa unalamba midomo? Unaamka na koo kavu au pua imeziba? Na kuna dawa yoyote unayoimeza kwa sasa?

Kuhusu cha kupaka, ninapendekeza mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, yale ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka 1872 na ambayo hadi leo ni vigumu kuyashinda kwa kazi hii. Hayaongezi maji hata tone, bali huyazuia yaliyopo yasitoke, na kwa sababu hiyo namna ya kuyapaka ina uzito wake. Lowesha midomo kwa maji safi, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini hadi ibaki na unyevu kidogo, kisha upake kwa ncha ya kidole kilichonawishwa, kwa kugandamiza badala ya kuburuta, kwani kuburuta ndiko kunakoinua vile vigamba. Bidhaa zenye gliserini ni nzuri kwa kuvuta maji, lakini zinahitaji kufunikwa na mafuta mazito, la sivyo kwenye hewa kavu unyevu zilioukusanya hupotea vilevile. Sukari na mswaki achana navyo kabisa. Kigamba kilicholegea kitatoka chenyewe, na kisicholegea bado kinafunika ngozi inayojijenga chini yake.

Mleta uzi

Ninashukuru sana kwa maelezo haya, na maswali yamenigusa. Kulamba ni kweli, hasa ninaposoma au ninapofikiri jambo, na mara nyingi hushtuka ulimi ukiwa tayari nje. Pua yangu huziba usiku kwa sababu ya mzio wa vumbi, na asubuhi nyingi huamka kinywa kikiwa kikavu. Kwa ajili ya mzio huo humeza vidonge kabla ya kulala, vile vinavyoleta usingizi. Sikuwahi kufikiria kuwa vinaweza kuhusiana na midomo.

Mpima Dawa

Vinahusiana, na pengine hapo tumeligusa shina. Dawa za mzio za kizazi cha zamani, zile zinazoleta usingizi, hupunguza mate na kukausha kinywa. Sasa unganisha mambo mawili: pua imeziba, kwa hiyo unapumulia mdomo usiku kucha, na mate yamepungua kwa sababu ya kidonge. Hewa kavu inaingia na kutoka juu ya ngozi isiyo na kinga kwa saa zote za usingizi, halafu asubuhi unaanza kulamba ili upate nafuu.

Ikiwa vidonge umeandikiwa na daktari, usiviache kwa uamuzi wako. Rudi kwake umweleze kuhusu ukavu, kwa kuwa zipo dawa za mzio za kizazi kipya ambazo kwa kawaida hukausha kidogo kuliko hizo, na zipo za kupulizia puani ambazo huishughulikia pua yenyewe. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo nako husaidia wengi. Usiku paka mafuta ya mgando kwa unene kuliko unavyopaka mchana, yakiwa jambo la mwisho kabla ya kulala. Tabia ya kulamba haikomeshwi kwa kujikaripia. Wengi hufanikiwa kwa kuweka mafuta karibu na kupaka kila hamu inapokuja, kwani ulimi ukikuta mafuta yasiyo na ladha hurudi wenyewe.

Kinywa Safi

Naomba kuongeza jambo linalosahaulika, nalo ni dawa ya meno. Nyingi zina kiambato cha kutoa povu kiitwacho sodiamu lauri salfeti, pamoja na mnanaa mkali au mdalasini, na povu hilo hukaa kwenye midomo muda wote wa kupiga mswaki. Kwa mtu ambaye midomo yake ni mizima halina tatizo, lakini kwa yako ningeshauri upake mafuta ya mgando kabla ya kupiga mswaki ili yawe ngao, usuuze midomo vizuri baadaye, na ikiwezekana ujaribu dawa ya meno isiyotoa povu na yenye ladha hafifu.

Kuhusu vitamini, ningependa tutofautishe. Upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini B2 huonekana zaidi kwenye pembe za midomo, ambapo ngozi hupasuka na kuuma mtu anapofungua kinywa. Hata huko pembeni, mara nyingi chanzo ni fangasi au bakteria wanaopenda mahali penye mate yaliyotuama, na wazee wenye meno ya bandia yasiyokaa sawa hupatwa sana. Wewe hukutaja pembe, kwa hiyo vidonge vya vitamini sioni mahali pake. Zaidi ya hayo, vitamini A ikizidi mwilini yenyewe hukausha na kupasua midomo, na dawa ya chunusi isotretinoini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, huwakausha midomo karibu wote wanaoitumia. Anayedhani amepungukiwa apimwe damu kwanza.

Rangi Tupu

Samahani kwa kuingilia uzi, lakini swali langu ni la hapohapo. Mimi kazi yangu hunilazimu kupaka rangi ya midomo kila siku, ile inayoganda na isiyong'aa, na jioni midomo hubaki kama karatasi. Je, ni lazima niiache? Na wenye kushinda juani wapake nini, maana mafuta ya mgando hayazuii jua?

Mpima Dawa

Umesema kweli, dada, mafuta ya mgando hayazuii jua. Mdomo wa chini ndio unaopokea jua moja kwa moja, na miaka mingi ya jua huweza kuufanya uwe na ukavu usiokoma, mabaka meupe na ukingo uliofifia kati ya mdomo na ngozi, hali ambayo isipotazamwa huweza kugeuka saratani. Anayeshinda nje atafute mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, na ayapake upya kila baada ya saa 2 na kila amalizapo kula au kunywa. Yenye oksidi ya zinki au ya titani huvumiliwa vizuri zaidi na midomo inayochokozeka haraka.

Rangi si lazima uiache moja kwa moja, ila ipumzishe mpaka midomo ipone, kisha urudi na ile yenye mafuta ndani yake badala ya inayoganda. Unapoitoa usisugue. Paka mafuta ya mgando, yaache yailegeze, halafu ufute taratibu. Ukibadilisha aina na ukashuku kwamba una mzio, ijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, mahali palepale, mara 2 kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Pakiwasha au pakiwa pekundu, umepata jibu bila kuiumiza midomo. Nta ya nyuki na lanolini (mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo), ambazo watu huziamini kwa sababu ni za asili, nazo huwaletea baadhi yao mzio.

Kwa mleta uzi: ukiacha kijiti hicho na ukashika mafuta ya mgando peke yake, tarajia nafuu ndani ya wiki 2 hadi 3. Ukipita muda huo ufa bado uko palepale, au pakitokea kidonda kisichofunga, uvimbe mgumu au usaha, nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na kila kitu unachopaka na kumeza, pamoja na hiyo dawa ya meno. Malengelenge madogo yanayoanza kwa kuchomachoma ni jambo jingine kabisa, yanasababishwa na virusi, na katika kipindi hicho mafuta yako yasiguswe na mtu mwingine.

Mleta uzi

Nimekisoma kifungashio: mentoli imo, kafuri imo, na chini yake kuna manukato. Nimeshakiondoa mfukoni, na nimeomba miadi kwa daktari aliyeniandikia vidonge vya mzio. Nitarudi hapa kueleza atakachosema kuhusu dawa ya kupulizia puani.