Paneli ya kengele ya DSC au kila kitu ndani ya Home Assistant?

Mpenda_Waya: Wadau, nina milango mitatu, madirisha sita na sensa mbili za mwendo, zote za waya. Nataka kengele ishirikiane na taa kupitia Home Assistant, ile programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Ninunue paneli ya kengele kabisa, au kompyuta ndogo inatosha?

Fundi_Salama: Nunua paneli, ndugu yangu. Kompyuta ikiganda usiku, king'ora hakilii. Paneli ina betri yake ya volti 12 na inafanya kazi hata intaneti ikikatika. PC1864, modeli ya kampuni ya DSC, ina zoni 8 (njia za kuunganishia sensa) kwenye bodi, unaweza kuongeza hadi 64. Ukichomeka Envisalink, kifaa cha kuiunganisha paneli na mtandao, kwenye Keybus, yaani waya za mawasiliano za paneli, Home Assistant itaona kila mlango. Acha taa ziifuate kengele, wala kengele isizitegemee taa.

Mpenda_Waya: Na programu yake? Mwongozo umenichanganya.

Fundi_Salama: Kwenye kibodi ya kengele bonyeza *8 kisha msimbo wa fundi. Sehemu ya 001 ndiyo aina za zoni: mlango unaoingilia 01, upate muda wa kuzima, madirisha 03, papo hapo, sensa za mwendo 05, zisikusumbue ukilala. Halafu rizista ya omu 5,600 iwekwe kule mwisho kwenye sensa. Naona mafundi wengi wanaiweka ndani ya boksi la paneli, na inaniuma, maana hapo waya ukishotishwa njiani paneli haitofautishi na mlango uliofungwa.

Dada_Mitambo: Na badilisha msimbo wa fundi. Ule wa kiwandani, 5555, kila mtu anaujua.