Springi za kiti cha dereva, Mercedes W123: mpya, mtumba au za kuzungushwa Kariobangi?

Usukani_Kulia: Wadau, kiti cha dereva cha Mercedes yangu 240D (mojawapo ya W123) kimezama upande wa mlango. Naona njia tatu: seti mpya kutoka Ujerumani, kiti cha mtumba pale Kirinyaga Road, Nairobi, au fundi wa sofa Gikomba aweke zigizagi (springi bapa za waya uliopindwapindwa). Ipi inafaa?

Vernia: Kwanza kipindue kiti. Springi zimefungwa kwenye waya wa ukingo, juu yake gunia, kisha pedi, yaani tabaka nene la kukalia. Pedi ikisagika kiti huzama hata springi zikiwa nzima, na sakafuni utaona unga wa kahawia. Bonyeza springi mojamoja kwa kidole gumba. Inayoingia bila kukinza imekatika, mara nyingi ya ukingoni mlangoni, kwa kuwa hubeba uzito wote mtu akiingia na kutoka.

Sofa_Set: Zigizagi ni bei rahisi, klipu mbele na nyuma, saa moja kazi imekwisha.

Vernia: Imekwisha kweli! Zigizagi huvuta fremu kwa ndani. Sofa ina mbao nene ya kuhimili; hapa utaupinda waya wa ukingo. Tena ni bapa, kwa hiyo utajazia sponji nene, na hiyo ikichoka umerudi pale pale.

Grogan_Daily: Mtumba una hila yake. Kiti cha kulia cha gari la hapa kimekaliwa na dereva, kimechoka kama chako. Ukiagiza Ujerumani, omba cha kulia: kule ni cha abiria. Ukikosa, nunua cha abiria cha hapa ung'oe springi zake mojamoja, ukilinganisha urefu na unene wa waya na zako.

Waya_35: Zikiwa zimekatika mbili tatu tu, zungushiwa mpya Kariobangi, yaani fundi akunje waya kuwa springi. Mpelekee fundi springi nzima kama sampuli, si kipande. Pima unene wa waya kwa vernia (kifaa cha kupimia unene) baada ya kukwangua kutu, idadi ya mizunguko, upana juu, katikati na chini, na urefu ikiwa haijabanwa. Usikubali "karibu sawa" kwenye waya: 4.0 mm badala ya 3.5, vipimo vingine vikibaki vilevile, huongeza ugumu kwa takriban asilimia 70, nawe utakaa umeinama upande mmoja. Waya uwe wa springi. Chuma laini kikibanwa hakirudi. Baada ya kuzungusha, ipashwe moto kama nyuzi 230 za Selsiasi kwa nusu saa, kisha ibanwe kabisa mara tatu nne. Hapo itapungua urefu kidogo, kwa hiyo izungushwe ndefu kidogo tangu mwanzo.

Usukani_Kulia: Na nikichomelea iliyokatika?

Waya_35: Itakatika tena kando tu ya welding. Joto kali la welding huua ugumu wa waya pale pale.

Vernia: Seti mpya nunua tu ikiwa waya wa ukingo wenyewe umekatika au kutu imeula. Vyovyote utakavyochagua, weka gunia jipya lililokazwa kati ya springi na pedi. Bila gunia springi hukata sponji, na makombo ya njano huanza kudondoka chini ya kiti. Na usifunge kwa binding wire (waya laini wa kufungia), hulegea na kupiga kelele kwenye matuta. Tumia pete za waya za mafundi viti.

Sofa_Set: Pete nazo zifungwe kwa koleo lake. Pliers ya kawaida huacha ncha wazi, inatoboa kitambaa.