Naomba ushauri: nimchore bundi kwenye ukuta wa maktaba au nimwache?

Wadau, naombeni mawazo yenu. Mimi ni mchoraji, nimepewa kazi ya kupamba ukuta wa maktaba ya shule ya msingi. Mwalimu mkuu anataka bundi mkubwa aliyetua juu ya vitabu, alama ya hekima. Wazazi kadhaa wamekataa kabisa. Kwao bundi ni ndege wa wachawi. Akilia juu ya paa, watu huanza kuwaza msiba.

Siwezi kuwapuuza. Mtoto aliyelelewa na hofu hiyo anaweza kuogopa hata kuingia maktaba. Na si Afrika tu: Goya wa Hispania, kwenye mchoro wake maarufu wa 1799, aliwachora bundi na popo wakimzonga mtu aliyelala, kama jinamizi. Ile alama ya hekima asili yake ni Athens ya kale, Ugiriki, kwa Athena, mungu wa kike wa hekima. Wagiriki walimweka bundi kwenye sarafu zao za fedha, na hadi leo yumo kwenye sarafu ya yuro 1 ya Ugiriki. Sasa alama ya kule ishinde maana aliyonayo hapa kwetu?

Binafsi natamani abaki, lakini awe bundi halisi anayekamata panya shambani, watoto wamjue kama ndege. Wanauawa bure kwa imani hii, inaniuma sana.

Walimu na wachoraji mliokutana na hili, mliongeaje na wazazi? Niombe kikao nao kwanza, au nimchore tu sungura mjanja wa hadithi zetu? Rangi natakiwa kununua wiki ijayo.