Tupeane uzoefu: kompyuta ya zamani na kurasa zinazokataa kufunguka

Mwanzisha mada

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotumia au kuhudumia mashine za zamani: zenye Windows XP, zenye Windows 7, Mac za miaka hiyo, na zile za biti 32 ambazo wengi wameshaziita chuma chakavu. Ombi ni moja tu, tusijibizane "nunua mpya". Leta dalili, chanzo na dawa. Naanza na dalili inayopoteza watu muda kuliko zote.

Kivinjari kinalalamika kwamba cheti cha tovuti (kitambulisho chake cha kidijitali) si halali, na kinalalamika kwa karibu kila tovuti. Kabla hujagusa chochote, tazama saa kwenye kona ya skrini. Ikisoma 2009, vyeti havina kosa. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayoamini tuko 2009 inaona vyote kama ambavyo bado havijaanza kazi. Mkosaji ni betri ndogo ya ubao mama, CR2032 ya volti 3. Ipime kwa mita: nzima husoma volti 3 au kupita kidogo, ikishuka chini ya 2.7 hivi ibadili. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, na kama ni laptopu toa pia betri kubwa. Sukuma kibanio cha chuma cha pembeni, betri itaruka yenyewe. Mpya iingie huku upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kwenye laptopu nyingi betri hiyo imevikwa plastiki na ina waya mbili zinazoishia kwenye plagi ndogo; vuta plagi, usivute waya.

Ukiwasha, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijaanza) urekebishe tarehe, na hapohapo kagua mpangilio wa diski. Baadhi ya mashine zikikosa umeme wa betri hurudi IDE badala ya AHCI (njia mbili za mashine kuwasiliana na diski), kisha Windows inakwama kwenye skrini ya bluu na mtu anaanza kufomati bure. Rudisha AHCI, itawaka.

kebo_ya_bluu

Saa ikiwa sawa na cheti bado kinakataliwa, hamia kwenye vyeti vya mzizi, yaani vile vilivyohifadhiwa kwenye mashine ambavyo ndivyo huthibitisha vyeti vya tovuti. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda wake. Tovuti zinazotumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, nazo ni nyingi mno, zilikuwa zinaaminika kwenye mashine za zamani kupitia hicho. Mrithi wake ni ISRG Root X1. Mashine isiyo nacho inaziona tovuti hizo zote kama za matapeli.

Hapa ndipo Chrome na Firefox zinapoachana. Chrome za zamani zinategemea ghala la vyeti la mfumo endeshi, Firefox inabeba ghala lake yenyewe. Ndiyo maana kwenye XP ileile Chrome 49 inaweza kukataa ukurasa ambao Firefox 52 ESR (toleo la msaada wa muda mrefu) inaufungua bila neno.

Dawa kwenye Windows 7: chukua faili la ISRG Root X1 kutoka tovuti ya Let's Encrypt kwa kutumia mashine nyingine, lilete kwa flashi. Chagua lile la .der, kwa sababu Windows haifungui .pem kwa kubofya. Bofya mara mbili, Install Certificate, halafu usiiache Windows ijichagulie pa kuweka. Taja mwenyewe Trusted Root Certification Authorities, la sivyo kinaweza kuangukia ghala jingine na hali ikabaki vilevile. Mac zinakiamini kuanzia 10.12.1, za nyuma ya hapo, kiingize kwenye Keychain Access upande wa System, kifungue, na kwenye Trust weka Always Trust. Kabla ya yote hayo linganisha alama ya utambulisho (fingerprint) ya faili na ile iliyochapishwa na wenyewe. Kuamini cheti cha mzizi ni kumkabidhi mtu funguo za nyumba nzima.

bisibisi

Niongezee tofauti moja ambayo watu wanaichanganya. Kama ujumbe hautaji cheti bali unasema muunganisho salama umeshindikana, tatizo ni toleo la TLS, yaani kanuni ya kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Vivinjari vikubwa viliitupa TLS 1.0 na 1.1 mwaka 2020, na seva nyingi nazo zimezifungia mlango. Windows 7 inaijua 1.2, ila Internet Explorer 8 hadi 10 huja ikiwa imezimwa: Internet Options, Advanced, shuka mpaka chini, tia alama kwenye 1.2. XP mfumo wenyewe unaishia 1.0, kwa hiyo Internet Explorer 8, Outlook Express na programu yoyote inayoegemea mfumo haziponi. Usipoteze jioni nzima hapo.

mpira_wa_panya

Na ukurasa unaofunguka mweupe tupu, bila onyo la cheti wala nini?

bisibisi

Huo ni JavaScript, msimbo unaoendesha ukurasa ndani ya kivinjari, mkuu. Bonyeza F12, nenda Console, utaona mstari mwekundu wenye SyntaxError. Mara nyingi msimbo umetumia alama ya swali ikifuatiwa na nukta, yaani `?.`, ambayo Chrome inaielewa kuanzia 80 na Firefox kuanzia 74. Kivinjari cha zamani hakiruki mstari kisiouelewa kikaendelea na mwingine, kinalikataa faili zima. Ukurasa unaojengwa wote na faili hilo unabaki karatasi nyeupe. Kubadili utambulisho wa kivinjari ili kijiite kipya kunasaidia tu pale tovuti inapokagua jina mlangoni, hakukifundishi lugha.

Kwa hiyo hakikisha angalau uko kwenye toleo la mwisho ambalo mfumo wako unaruhusu. XP na Vista: Chrome 49, Firefox 52 ESR. Windows 7, 8 na 8.1: Chrome 109, Firefox 115 ESR. Mac 10.12 hadi 10.14 pia ni Firefox 115 ESR. Na kwa hiyo 115, iwe 115.13 au zaidi: cheti cha Mozilla kilichotumika kuthibitisha viongezi kiliisha 14 Machi 2025, na matoleo ya nyuma ya hapo yanazima viongezi vyote, hata cha kuzuia matangazo.

Kuna pia Supermium, ambayo ni Chromium (msingi wa Chrome) mpya iliyorekebishwa ifanye kazi mpaka XP SP3. Inafungua mengi. Lakini chini yake bado kuna mfumo ambao msaada wake uliisha 8 Aprili 2014, kwa hiyo nywila za benki zisipite hapo.

Fundi Diski

Kwa anayetaka mashine irudi mtandaoni kwa amani, mimi nasema Linux, ila soma prosesa kwanza. Mashine nyingi zilizowekewa Windows ya biti 32 zina Core 2 Duo, ambayo ni ya biti 64. Iwashe kwa flashi yoyote ya Linux ya biti 32, andika `lscpu`, utazame mstari wa op-mode. Ikitaja 64-bit, weka mfumo wa biti 64 na uachane na hangaiko.

Kama ni 32 tupu, Debian 13 ya 2025 (Debian ni aina ya Linux) haina tena kisakinishi cha biti 32. Tumia Debian 12 au antiX, Linux nyingine nyepesi. Pentium M ikigoma kwa kisingizio cha PAE (uwezo wa prosesa kutumia ramu nyingi), ongeza `forcepae` kwenye mstari wa kuwasha. Pentium III na Athlon XP hazina SSE2 (seti ya maagizo ya prosesa), na Firefox za Windows kuanzia 49 zinaitaka. Hizo ziwe za kuandikia na kuchapisha. Kuandaa flashi ukiwa kwenye Windows 7, Rufus (programu ya kazi hiyo) ya mwisho ni 3.22, kwenye XP ni 2.18.

Ramu ikiwa GB 2, weka `zram-tools` ya Linux inayobana data ndani ya ramu ili nafasi iongezeke, fungua `/etc/default/zramswap`, andika `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Lz4 haibani sana kama zstd, njia nyingine ya kubana, lakini haichoshi prosesa nzee, na kwa mashine hizi prosesa ndiyo inayoishiwa pumzi kwanza.

kebo_ya_bluu

Video za YouTube zikikatakata na feni ikivuma, si lazima iwe intaneti. YouTube hutuma VP9 au AV1 (njia mpya za kubana video), kadi za picha za zamani hazizijui, kazi yote inaangukia prosesa. Kwenye Firefox fungua `about:config`, weka `media.mediasource.webm.enabled` na `media.av1.enabled` ziwe false, upakie ukurasa upya. Bofya kitufe cha kulia juu ya video, chagua Stats for nerds, tazama mstari wa Codecs: ukianza na avc1 (njia ya zamani, H.264) umefaulu. Ukibaki vp09, funga kivinjari chote ukifungue tena. Halafu shusha ubora kutoka 720p60 hadi 480p, kwa sababu kuanzia 720 baadhi ya video huja na fremu 60 kwa sekunde, na hizo zinaizidi nguvu mashine hata kwa avc1.