Wapangaji sita, LUKU moja: nifunge mita ndogo au niombe mita sita za TANESCO?

Baba Vyumba
Wakuu, habari za majukumu. Nina nyumba ya vyumba sita Mbagala, LUKU ni moja. Kila mpangaji anachanga 10,000 kwa mwezi. Chumba kimoja kina friji, kingine wanapikia jiko la koili, viwili vina taa na simu tu. Uniti zikiisha usiku hakuna anayekubali kununua. Vyumba viwili vinabaki wazi mwezi ujao, nataka mpangaji mpya akute utaratibu umeshakaa sawa. Nifunge mita ndogo (za kusoma matumizi tu, baada ya LUKU) kila chumba, au kila chumba kiwe na LUKU yake? Naomba hesabu na namna ya kufunga.

Fundi Waya
Mkuu, kabla ya kununua mita yoyote, kagua waya zilizomo ukutani. Nyumba nyingi za vyumba zilivutwa kwa mtindo wa kuunga unga: taa ya korido imechukua laini ya chumba cha pili, soketi ya chumba cha nne imetoka cha tatu. Ukifunga mita juu ya hali hiyo, mtu atalipia taa ya jirani na ugomvi utarudi ukiwa na namba.

Kipimo ni rahisi. Zima sakiti breka moja moja, kisha zunguka nyumba nzima uone nini kimezimika. Andika. Kisha zima breka zote na uangalie taa nyekundu ya LUKU: ikiendelea kupepesa, kuna waya unakula umeme bila kupita kwenye breka zako. Utafute huo kwanza.

La pili ni nyutro, waya unaorudisha umeme. Kila chumba kiwe na laini yake NA nyutro yake mpaka kwenye boksi la breka. Mafundi wengi wanavuta nyutro moja kwa vyumba vyote ili kuokoa waya. Hapo ukizima chumba kimoja, nyutro bado inarudisha umeme wa vyumba vingine, na fundi atakayeifungua akidhani pamezimwa anaweza kupigwa shoti. Ukiweka breka ya kuzuia shoti kwa kila chumba, nayo itakuwa inajizima bila sababu inayoonekana.

Vifaa kwa kila chumba: mita ya reli (inayobanwa kwenye reli ya boksi) ya fezi moja, breka ya ampea 16 (inabeba hadi wati 3,680, yaani jiko la koili na pasi kwa pamoja bila shida), waya wa 4mm kutoka boksi hadi chumbani, 2.5mm kwa soketi, 1.5mm kwa taa, na waya wa ethi (wa ardhini) ufike kila soketi. Ongeza mita ya saba kwa ajili ya taa za nje, korido na pampu ya maji. Wengi wanaisahau hii. Mita zote zikae sehemu moja koridoni, usawa wa macho, kwenye boksi lenye kioo, ili mpangaji ajisomee mwenyewe. Kila kitu kianzie baada ya LUKU. Lakiri ya TANESCO isiguswe.

Mama Hesabu
Naunga mkono alichosema Fundi, ila suala la bei lisipitwe, maana ndipo pesa ya wapangaji inapopotea.

Mteja wa majumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko kwenye ushuru wa D1: shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha VAT 18%, REA (tozo ya umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1% inafika 122. Mita ya vyumba sita inavuka 75 mapema mno, kwa hiyo iko T1, ushuru wa wanaozidi hapo: 292 kabla ya makato, 356.24 baada yake. Ndiyo maana 10,000 inakupa uniti 28 tu.

Chukua chumba cha kawaida. Taa ya LED ya wati 9 kwa saa sita kila siku ni uniti 1.6 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa sita ni 9. Feni ya wati 60 kwa saa nane ni 14.4. Jumla 25. Kwa LUKU ya pamoja analipa kama 8,900. Angekuwa na LUKU yake ya D1 angelipa 3,050. Hata akiongeza friji ndogo ya uniti 25 bado hafiki 75.

Gharama ya kuunganishwa mjini, fezi moja, ndani ya mita 30 bila nguzo ni 320,960. Mara sita ni 1,925,760. Wapangaji wako wataokoa kama 35,000 kwa mwezi wote pamoja, maana yake fedha inarudi baada ya miezi 55 hivi, na inarudi mfukoni mwao, si mwako. Wewe unachopata ni chumba chenye LUKU yake, ambacho madalali wanakitangaza kwa bei ya juu kidogo na hakikai wazi muda mrefu. Kwa anayekusudia kuimiliki nyumba hiyo miaka kumi ningesema anzia na vyumba viwili vitakavyobaki wazi, vingine baadaye. Waya zikiwa zimeshatenganishwa kama Fundi alivyoeleza, kazi kubwa imekwisha. Maombi yanakwenda na mchoro wa fundi mwenye leseni ya EWURA.

Angalizo: kila mita mpya inaweza kuanza kukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Peleka namba za mita zote za jengo hilo kwa wanaokusanya kodi hiyo, ikatwe kwenye moja tu.

Baba Vyumba
Ahsanteni sana. Naelekea mita ndogo sasa, LUKU mbili baadaye. Je, nitajuaje kama mita ndogo niliyonunua inasoma kweli? Na jumla ya mita ndogo isipolingana na LUKU?

Fundi Waya
Usoni mwa mita pameandikwa, kwa mfano, 1600 imp/kWh. Maana yake taa ndogo inapepesa mara 1,600 kwa uniti moja. Washa hita ya wati 1,000 peke yake kwa dakika sita: hiyo ni uniti 0.1, hesabu mipepeso kama 160. Tofauti ndogo ni sawa, kwa kuwa umeme wa mtaani haukai kwenye volti 230 muda wote. Usitumie pasi, inajizima na kujiwasha yenyewe. Kabla ya kufunga soma mchoro wa pini ulio kwenye mfuniko; pini hazifanani kwa kila mtengenezaji.

Kuhusu jumla: ikiwa LUKU imekula 168 na mita zako saba zinasoma 165, tulia. Ikiwa zinasoma 140, mtu ameunga waya kabla ya mita au kuna kiungo kinachovuja. Rudia kipimo cha kuzima breka zote.

Mjumbe
Naongezea upande wa fedha na mkataba. Mita ndogo ya kusoma haimkatii mtu, kwa hiyo usikubali mpangaji atumie umeme kwa deni. Kila mpangaji aweke 15,000 ya umeme anapoingia, mbali na kodi ya chumba. Soma mita kila Jumamosi akiwepo mpangaji mmoja, piga picha, tuma kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Anayebakiwa na chini ya 5,000 anaongeza siku hiyo hiyo.

Bei ya uniti iwe ile ile unayonunulia, 356.24. Usiongeze ya kwako. Siku mpangaji akisoma risiti ya LUKU hatakuamini tena hata kwenye maji. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, itoe kwenye hesabu yao.

Mkataba utaje namba ya mita, usomaji wa siku ya kuingia, na kwamba umeme na kodi ya pango ni madeni mawili tofauti. Usimzimie mtu breka kwa sababu ya pango. Deni la pango lipeleke serikali ya mtaa kwa barua.

Baba Vyumba
Na anayetumia jiko la koili, nimkataze?

Fundi Waya
Ukishamfungia mita, hapana. Wati 1,000 kwa saa mbili kila siku ni uniti 60 kwa mwezi, zaidi ya 21,000. Akiiona namba hiyo atajiamulia. Wewe hakikisha tu soketi anayotumia ni ya ampea 13 halisi na waya nyuma yake ni 2.5mm, soketi hafifu huyeyuka kwa mzigo wa jiko la koili.