Naomba ushauri: Baba ni fundi mwashi, nataka kumpeleka kwenye ngome ya Takeda huko Japani

BintiWaTanga:

Habari za jioni wanajamvi.

Mimi nasoma Kobe. Mwezi wa kumi na moja baba yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga. Ni fundi mwashi, ndiyo kazi iliyotusomesha: misingi ya mawe, kuta za matumbawe, visima. Nilimtumia picha za ngome za huku. Himeji na mnara wake mweupe aliitazama akaipita. Iliyomsimamisha ni Takeda, ile iliyobaki kuta tupu kileleni. Akanipigia simu hapo hapo akauliza, "Hawa katikati ya mawe waliweka nini?" Nikamwambia nasikia hawakuweka kitu. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za mahali pengine, anataka kuushika ukuta ule kwa mkono wake.

Shida ni kwamba ameshavuka miaka sitini na goti la kushoto linamsumbua, hasa akishuka. Nauliza hivi: Takeda inapandika kwa mtu wa namna hiyo? Yale mawingu yanayoizunguka ngome kwenye picha tunaweza kuyaona? Na mwenzangu wa darasani anasema bora twende Bitchu Matsuyama, Okayama, kwa sababu kule jengo lenyewe bado limesimama. Waliofika naomba mnisaidie.

MkaziWaHyogo:

Dada karibu. Takeda naijua vizuri, niko mkoa huu huu.

Mlima una mita 353 tu, lakini stesheni iko chini bondeni, kwa hiyo mwinuko wote unaupanda wewe. Njia inayoanzia nyuma ya stesheni ndiyo fupi, na ndiyo mbaya kwa goti. Unapita mtaa wa mahekalu, unafika kwenye uzio wa kuzuia nguruwe pori na kulungu, unafungua komeo, unapita, unalifunga tena, halafu ni ngazi za udongo msituni hadi juu. Asubuhi majani yaliyoanguka yanakuwa na umande na yanateleza. Kijana anafika kwa dakika arobaini hivi. Mzee usimpitishe huko, wala kupanda wala kushuka.

Pandeni basi la Tenku pale pale Takeda Station. Linazunguka mlima na kuwaacha juu, kisha mnatembea kwenye lami yenye mwinuko kama dakika ishirini. Kwa mzee wako hesabu mara mbili yake na msiwe na haraka. Ngazi zinaanza mkishafika kwenye kuta zenyewe, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, maana hazilingani: moja kimo cha kiganja, inayofuata inakaribia goti. Mzee aje na fimbo yenye mpira chini. Choo malizeni bondeni kwa sababu ndani ya ngome hakuna, na maji ya kunywa mbebe. Kuna kiingilio, na mwe na fedha taslimu.

Kuhusu mawingu. Ile picha ya ngome inayoelea haikupigwa ndani ya ngome. Imepigwa Ritsuunkyo, ng'ambo ya bonde, upande wa pili wa mto Maruyama. Ukiwa ngomeni kwenyewe unaona ukungu umelala chini yako, nao unapendeza, ila si ile picha. Ukungu huo unatoka mtoni. Unahitaji mchana wa joto kidogo, usiku mweupe usio na mawingu, alfajiri ya baridi na upepo umetulia. Msimu wake ni vuli, kwa hiyo Novemba mko sawa kabisa. Lakini jua likipanda unayeyuka, na kutoka Kobe kwa treni ya kwanza hamtauwahi. Anayeutaka analala Takeda au Wadayama, mji wa jirani.

NuruOkayama:

Natetea Bitchu Matsuyama, na mwenzako wa darasani hakukosea.

Japani nzima imebaki na minara kumi na miwili tu ya ngome ambayo ni ya asili, si ya kujengwa upya kwa zege. Kati ya hiyo, ulioko juu kuliko yote ni huu wa Bitchu Matsuyama, mji wa Takahashi, kwenye mlima Gagyu, kimo cha mita 430. Uliopo sasa ni wa mwaka 1683. Ni mdogo, ghorofa mbili, na ndani kuna mekoni pa kuotea moto sakafuni, kitu ambacho kwenye minara mingine ni nadra mno kukiona.

Na kwa fundi wa mawe kuna mahali pamoja pale ambapo mimi husimama kila nikienda. Ukifika lango kuu, inua macho kulia kwako. Kuna mwamba wa mlima wenyewe, mkubwa kama nyumba, na juu ya mwamba huo wameanza kupanga ukuta, na juu ya ukuta huo ukuta mwingine, mpaka mwisho kabisa unaona ukuta mweupe wa udongo wenye matundu ya kupigia mishale na bunduki. Mahali ambapo mlima unaishia na fundi anaanzia hupaoni mara moja, mpaka usogee.

Usafiri: kutoka Okayama ni treni ya Hakubi hadi Bitchu-Takahashi. Gari linakufikisha Fuigo, mahali magari yanapoishia mlimani, hapo unabaki na mita 700 za kutembea, dakika ishirini. Siyo lami, ni ngazi na njia ya mlimani. Siku za wikiendi gari za watu binafsi huzuiwa chini mnapanda basi dogo.

Pia kuna paka, Sanjuro, aliyefika pale baada ya mafuriko makubwa ya Julai 2018 akafanywa bwana wa ngome. Watoto wanakuja kwa ajili yake.

FundiJiwe:

Nami ni wa kazi hiyo, nimejifunza kupanga mawe huku Shiga. Swali la mzee wako ni swali la mtu anayejua kazi, acha nilijibu kwa kirefu.

Katikati ya mawe yale hakuna chokaa wala saruji. Jiwe limekaa juu ya jiwe. Unachokiona usoni ni kichwa tu cha jiwe. Mwili wake mrefu umelazwa kwenda ndani ya mlima, na jiwe linabebwa nyuma kidogo ya uso, siyo ukingoni. Nyuma ya mawe hayo makubwa kuna tabaka nene la mawe madogo, kazi yake ni maji. Mvua ikinyesha maji yanashuka ndani ya yale mawe madogo na kutokea kwenye nafasi za ukuta, kwa hiyo udongo wa nyuma hauvimbi ukausukuma ukuta. Wewe mwambie baba yako hivyo tu, mengine atayaona mwenyewe: kwamba kuta hazifuati timazi bali zimelala nyuma kuuegemea mlima, na kwamba kwenye kona mawe marefu yamepishana, moja limelaza urefu wake uso huu, la juu yake uso wa pili.

Mawe ya Takeda hayakuchongwa. Yametolewa pale pale mlimani na kupangwa yalivyo, fundi akilitafutia kila jiwe mahali pake. Ni mtindo wa mafundi wa Ano, kutoka kando ya ziwa Biwa, wale wale ambao Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa enzi hizo, aliwatumia Azuchi alipoanza ngome yake mwaka 1576. Takeda kama ngome ni ya zamani zaidi, karne ya kumi na tano, ila kuta hizi za mawe huhesabiwa kuwa kazi ya bwana wake wa mwisho, Akamatsu Hirohide, aliyepewa ngome mwaka 1585. Mwaka 1600, baada ya vita vya Sekigahara, alituhumiwa kuuchoma mji wa Tottori akaamriwa kujiua. Ngome ikaachwa. Mbao zikaisha, vigae vikaanguka, kuta zimebaki zaidi ya miaka mia nne: kama mita 400 kutoka kaskazini hadi kusini, na 100 upande wa pili.

Kwa hiyo kama mzee anataka mawe, Takeda. Bitchu Matsuyama ni nzuri sana, lakini kule jengo litagawana macho yake na ukuta.

Nyongeza moja. Msiache kwenda Sakamoto, mji wa Otsu, jirani na Kyoto. Ndiko chimbuko la mafundi wa Ano. Mitaa mizima imezungushiwa kuta zao, kwenye nyumba za watawa chini ya mlima Hiei. Mteremko ni mdogo, hakuna tikiti ya kutembea barabarani, na goti halitalalamika. Kazi hii bado ina watu. Wakati wa kujenga barabara kuu ya Shin-Meishin hapa Shiga, ukuta wa namna hii ulijaribiwa kwa kubebeshwa mzigo sambamba na ukuta wa zege, na wa mawe ndio uliostahimili zaidi.

Mzururaji:

Jamani, mzee ana goti bovu, mnampeleka mlimani kwa nini? Himeji iko njiani, kutoka stesheni unaiona. Mtembee barabara moja tambarare mmefika. Kuta zake ni ndefu na zina mkunjo mzuri kuliko za Takeda. Mle ukutani kuna hadi jiwe la kusagia nafaka, wanasema mwanamke mzee alilitoa wakati Hideyoshi, bwana aliyeijenga ngome zamani, anatafuta mawe, limewekewa wavu. Kuna na majeneza ya mawe ya kale yaliyotumika kama mawe ya ujenzi. Fundi atafurahi na hatachoka.

BintiWaTanga:

Mzururaji, asante, hilo la jiwe la kusagia sikulijua na litamfurahisha. Ila nikimpeleka Himeji peke yake nitakuwa nimeamua kwa niaba yake kwamba hawezi. Kazi ya jukwaa bado anaifanya, ngazi ya mbao anapanda na karai begani. Anachohitaji ni muda na mahali pa kukaa. Mimi nataka apande mwenyewe, kwa mwendo wake.

FundiJiwe, nimemsomea uliyoandika kwenye simu. Alinyamaza, kisha akauliza hayo mawe madogo ya nyuma ni ya mviringo au ya kupasua?

FundiJiwe:

Inategemea mahali. Penye mto karibu hutumika ya mtoni, ya mviringo. Mlimani mara nyingi ni yale yaliyopasuka wakati wa kutoa mawe makubwa. Ya kupasua yanashikana zaidi. Mzee wako atakuwa analijua hilo tayari, ndiyo maana ameuliza.

MswahiliWaKibarani:

Nipo Mombasa, huko Japani sijafika, ila nimesoma uzi wote. Nimepiga hesabu: Fort Jesus ilijengwa 1593 hadi 1596. Wakati mafundi wetu wanakata matumbawe na kuchoma chokaa hapa Mombasa kwa ajili ya Mreno, hawa wa Takeda walikuwa bado wana ngome yao hai, bwana wake yupo. Dada, mzee wako akirudi mwambie atuandikie alivyouona ukuta ule usio na chokaa. Sisi tunaoishi na kuta za chokaa tungependa kusikia kwa mtu anayezijenga.

NuruOkayama:

FundiJiwe kanishinda, kwa mawe nakubali Takeda. Naomba tu msisahau kalenda. Takeda hufungwa kuanzia tarehe 4 Januari hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo safari yenu ikisogezwa mbele mwe na habari. Bitchu Matsuyama iko wazi majira ya baridi isipokuwa siku za mwaka mpya.

BintiWaTanga:

Nimeamua. Tunalala Takeda usiku mmoja, asubuhi tunapanda ngomeni, kurudi tunashuka Himeji tuone lile jiwe la kusagia, na siku nyingine nampeleka Sakamoto. Bitchu Matsuyama nitaenda na wenzangu wa darasani.

MkaziWaHyogo, la mwisho: alfajiri nimpandishe Ritsuunkyo kuona mawingu, au tusubiri basi la asubuhi la kwenda ngomeni? Na ukuta anaruhusiwa kuugusa?

MkaziWaHyogo:

Ritsuunkyo muiache. Njia yake ni ya msituni, mnapanda gizani na kushuka na umati, na atatumia goti lote huko kabla hajaiona ngome. Mwezi wa kumi na moja lango la ngome hufunguliwa alfajiri, saa kumi, ila mabasi huanza baadaye sana. Mwombe mwenye nyumba ya wageni awaitie teksi kukishapambazuka, iwapeleke mpaka magari yanapoishia. Mkibahatika ukungu utakuwa bado bondeni mkifika juu.

Kugusa anaweza, pale njia inapopita kando ya ukuta. Kukanyaga kingo za juu na kuvuka kamba hapana. Watu wanaujali sana mlima ule, na kwa sababu nzuri: miaka ya 2013 na 2014 wageni walizidi nusu milioni kwa mwaka, nyayo zikala udongo mpaka mawe ya msingi yakaanza kutokeza. Ndiyo maana mtakuta mikeka imetandikwa chini na njia ni ya kwenda upande mmoja tu. Kwa mzee hiyo ni nafuu, hapishani na mtu kwenye ngazi. Mwambie akae upande wa ukuta, watu wampite.

Kuhusu treni: Kobe hadi Himeji ni dakika arobaini kwa treni ya haraka ya kawaida, halafu mnapanda ya njia ya Bantan. Nyaya za umeme zinaishia Teramae, mnashuka na kupanda treni ya dizeli ya kwenda Wadayama, behewa moja au mawili. Angalieni ratiba kabla ya kutoka Kobe, maana mkiikosa hiyo ya Teramae mtakaa stesheni saa nzima au zaidi.